Pure Drive au Blade 98? Nimehamia Nairobi na mipira yote inatoka nje

BakhendiMoja

Habarini wadau wa tenisi, naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mimi ni mtu wa Dar, nimecheza pwani miaka mingi, mwaka huu kazi imenileta Nairobi. Raketi yangu ni Babolat Pure Drive ile ya kawaida, kichwa inchi 100 za mraba, gramu 300, nyuzi 16 kwa 19 (16 za wima, 19 za kulala), nimefunga poliesta tupu, zile nyuzi ngumu, kwa mkazo wa pauni 53. Kule Dar nilikuwa naipenda mno manake mipira ikishakula unyevu inakuwa mizito, unahitaji raketi ya kukusaidia kusukuma. Huku sasa mipira inapaa tu. Forehendi ambayo Dar ilikuwa inatua ndani kabisa ya mstari wa nyuma huku inatoka nje kwa hatua nzima, sevu ya pili ndo usiseme. Alafu kiwiko kimeanza kuuma upande wa nje, hasa nikichelewa bakhendi.

Uchezaji wangu: forehendi ya topspini (mpira unaozunguka kwenda mbele) ya wastani, sio ile ya kuzungusha mkono mpaka juu ya kichwa, bakhendi ya mkono mmoja, slaisi (mpira wa kukata) ndo napiga kwa kujiamini zaidi, na wikiendi nacheza dabo (wawili kwa wawili) sana kwahiyo nakuwa kwenye neti muda mwingi. Umri unakaribia 40.

Nimeona Wilson Blade 98 ya 16 kwa 19, gramu 305, mtu anauza iliyotumika, hali nzuri. Mwingine kaniambia nichukue Yonex Ezone 98, nayo gramu 305. Mwingine anasema nibaki na Pure Drive nizoee hali ya hewa. Nyie mnaojua, mtu wa style yangu anachukua ipi? Na kweli Nairobi ndo inafanya hivi au ni mimi?

FundiNyuzi254

Karibu Nairobi kaka. Si wewe, ni hewa. Dar uko usawa wa bahari, hapa uko juu mita 1,700 na zaidi, hewa ni nyepesi kama asilimia 15 hivi kuliko ya pwani. Mpira ukiruka kwenye hewa nyepesi haukutani na upinzani ule ule, kwahiyo unafika mbali. Na kitu ambacho watu wengi hawakifikirii ni kwamba hata topspini yako inapungua nguvu, sababu topspini inauvuta mpira chini kwa kutumia hewa, hewa ikiwa nyepesi mvuto nao unapungua. Ndo maana unapiga mpira ule ule wa Dar na hauanguki.

Kingine ni mipira yenyewe. Kopo la kawaida limejazwa presha ya kuchezewa chini, ukilifungua hapa mpira unakuwa mgumu na unadunda juu kuliko kawaida. ITF, shirikisho la tenisi la dunia, wana mipira maalum ya sehemu zilizo juu ya mita 1,219, kopo limeandikwa High Altitude. Angalia kopo mnalochezea hapo klabuni kwanza, ukikuta ni ya kawaida basi sehemu ya shida yako imejulikana na haijakugharimu kitu. Hata Madrid ambayo ni mita 650 tu wachezaji wakubwa kila mwaka wanasema mipira inakimbia, sasa wewe uko zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sasa kabla ya kuongelea fremu naomba unijibu: hizo nyuzi umefunga lini? Chukua kidole usukume uzi mmoja wa wima pembeni, uachie. Poliesta nzima inarudi yenyewe kwenye mstari. Ukiona imebaki imepinda hapo hapo, au ukiusogeza unaona pale zinapokutana pamechimbika vishimo, hizo nyuzi zimekufa hata kama hazijakatika. Nyuzi za poliesta zilizokufa zinafanya mambo mawili unayoyalalamikia, mpira unatoka bila mpangilio na mtikisiko wote unaenda mkononi. Watu wananiletea raketi wakitaka kuuza wanunue nyingine, nikiwafungia nyuzi mpya tu wanaghairi.

KochaWaKorti3

Nakubaliana na fundi kuhusu mwinuko ila mimi nataka tuongee uchezaji maana hapo ndo swali lilipo.

Kaka angalia kitu kimoja kabla ya kununua chochote cha inchi 98. Kama mnacheza kwenye udongo, cheza seti nzima alafu usifute raketi, iangalie kwenye mwanga. Vumbi jekundu litakuwa limeacha alama pale mpira unapogonga. Kama uwanja wako ni wa simenti angalia nyuzi zilivyochubuka, na manyoya ya mpira yalivyonasa kwenye kona za nyuzi. Alama zikiwa zimejikusanya sehemu moja katikati, au juu kidogo ya katikati, kichwa cha 98 hakitakusumbua. Zikiwa zimetawanyika, nyingine karibu na ncha, nyingine zinagusa fremu upande wa chini, basi inchi mbili hizo utazitafuta kwa tochi. Blade 98 ukiigonga katikati ni tamu kweli, ukiigonga pembeni mpira unafia kwenye neti, haikusamehei kama Pure Drive inavyokusamehe.

Pure Drive ni fremu nene na ngumu, imetengenezwa ikupe nguvu bure. Yule Mmarekani Andy Roddick alikuwa anasevu nayo kwa kasi vile. Mtu mwenye swingi fupi anaipenda sababu hahitaji kuzungusha mkono sana. Shida yako wewe una swingi ya wastani na topspini ya wastani, uko mahali ambapo hewa nayo inakupa nguvu bure, kwahiyo una nguvu za bure mbili na breki hakuna. Mtu anayezungusha kama Nadal breki yake ni topspini. Wewe breki yako itabidi itoke kwenye fremu au nyuzi.

Kwahiyo mimi kwa maelezo yako naona Blade inakufaa kuliko Ezone. Blade ina fremu nyembamba, milimita 21, inapinda kidogo ikigonga mpira, haikusukumi. Ezone 98 ni raketi nzuri sana na ni laini mkononi ila bado ni fremu ya nguvu, utakuwa umehama nyumba ukabaki mtaa ule ule. Na kama utaipata Blade ya 18 kwa 20 ndo bora zaidi kwa Nairobi, nyuzi zikiwa nyingi zimekaribiana mpira unatoka chini chini, haupai. Slaisi yako utaipenda nayo.

Ila usinunue kwa kuangalia TV. Raketi ya Djokovic imepakwa rangi ya Head Speed ila sio ile unayoipata dukani, wakubwa wengi wako hivyo, wanatengenezewa ya kwao inapakwa rangi ya modeli mpya ili iuzike.

MamaVoli

Kocha kwa heshima zote hapo kwenye 18 kwa 20 sikubaliani nawe, kwa mtu ambaye kiwiko kinauma. Nyuzi zikiwa nyingi kitanda cha nyuzi kinakuwa kigumu. Unamtoa kwenye fremu ngumu unampeleka kwenye nyuzi ngumu, mkono utajua tofauti gani? Huyu kasema mwenyewe bakhendi ya mkono mmoja na anachelewa, pale pale ndo kiwiko kinapoumia, ukichelewa unapiga na kifundo cha mkono kimekunjwa na mzigo wote unabebwa na ule mshipa wa nje.

Mimi nacheza dabo zaidi ya singo na nawaambia kwenye neti uzito ndo rafiki. Raketi nyepesi ukipigiwa mpira mkali inageuka mkononi, unakaza vidole kuizuia, ukikaza vidole kiwiko kinalipa. Kwahiyo hapo kwenye gramu 305 mko sawa, na asiogope, akishafunga nyuzi na overgripu (utepe wa kuzungushia mpini) itafika 325 hivi, ni kawaida kwa mtu mzima mwenye nguvu zake. Muhimu uzito ukae upande wa mkono, sio kichwani, ili aweze kuigeuza haraka kwenye voli. Kwa bakhendi ya mkono mmoja pia ni hivyo hivyo, fremu ambayo kichwa ni chepesi na mpini una uzito inazunguka yenyewe, huivuti.

Kwahiyo Blade sawa ila ile 16 kwa 19. Au kama kiwiko ndo hofu kubwa ajaribu Head Gravity MP, kichwa 100, gramu 295, nyuzi 16 kwa 20, hapo anabaki na ukubwa wa kichwa aliouzoea na nyuzi zinadhibiti kidogo bila kuwa ukuta. Wilson Clash 100 ndo laini kuliko zote hizi lakini kwa Nairobi naona itamrushia mpira, na kwenye voli wengine tunaiona haina taarifa, hujui mpira umegonga wapi.

Na gripu jamani, hakuna aliyemuuliza gripu! Shika raketi kama unapiga forehendi, kati ya ncha ya kidole cha pete na kiganja lazima kidole cha shahada cha mkono mwingine kipite, kisibanwe na kisielee. Kikibanwa, gripu ni ndogo, unakaza mkono mechi nzima bila kujua. Kuongeza gripu ndogo ni rahisi, overgripu moja tu inatosha, kupunguza iliyo kubwa ndo kazi.

KochaWaKorti3

Mama hoja ya kiwiko naipokea. Ila 18 kwa 20 ukiifunga nyuzi laini kwa pauni za chini kidogo haiwi ngumu hivyo. Nachosimamia ni kwamba mpira utoke chini, tukikubaliana hapo mengine tunaweza kupanga.

ArushaLob

Mimi niko Arusha, huku ni kama mita 1,400 kwahiyo tatizo ni hilo hilo kidogo. Nimeona anasema anauziwa iliyotumika, naomba niongezee hapo maana watu wanalia.

Kwanza nenda na mzani, ule mdogo wa kidijitali wa kupimia unga wa keki unatosha. Blade ya 305 bila nyuzi, ikiwa na nyuzi bila overgripu inatakiwa kuwa kama 320 na kitu. Viwanda vyenyewe vinaruhusu gramu kadhaa juu au chini, raketi mbili za modeli moja zinaweza zisilingane, hilo usishtuke. Ila ukikuta 290 na mtu anakwambia ni Blade 98 jiulize. Feki ziko nyingi sokoni, rangi inafanana kabisa ila uzito na balansi wanashindwa. Balansi unaipima kwa kuilaza raketi juu ya ukingo wa rula mpaka ikae bila kuanguka, pima kutoka mwisho wa mpini mpaka hapo. Hizi raketi mnazozitaja ikiwa na nyuzi itakaa kwenye sentimita 32 au 33 hivi, ikizidi sana 34 hiyo kichwa kizito, au feki au mtu amebandika utepe wa risasi wa kuongeza uzito.

Pili angalia juu ya kichwa, ile plastiki nyeusi inayolinda nyuzi, kama imelika mpaka nyuzi zinagusa fremu inabidi ubadilishwe ule utepe wote na kwa modeli za zamani haupatikani kirahisi. Tatu zungusha jicho kwenye fremu upande wa saa nne na saa nane za saa ya ukutani [yaani kushoto juu na kulia juu, pale namba 10 na 2 zinapokaa], alafu pembeni za koo. Mkwaruzo wa rangi sio kitu, mstari mwembamba unaoenda kukatisha fremu ndo ufa. Igonge na kifundo cha kidole, fremu nzima inatoa sauti kavu, yenye ufa inatoa kama mnong'ono wa kitu kimelegea ndani. Ikiwa na nyuzi zilizokatika muda mrefu na hazijaondolewa, achana nayo, maana presha ya upande mmoja inaivuta fremu.

BakhendiMoja

Aisee shukrani sana, sikutegemea majibu ya namna hii.

Nijibu maswali. Fundi, nyuzi nimesukuma uzi kwa kidole ukabaki pale pale umepinda, na zilifungwa Dar kabla sijahama. Makopo ya klabuni nimeangalia leo jioni, hayana maandishi yoyote ya High Altitude, ni ya kawaida. Kocha, tunacheza udongo, alama ziko katikati ila nyingi zimeenda kidogo upande wa ncha, chache sana zimegusa pembeni. Mama, gripu yangu ni namba 2, kidole changu kinabanwa kabisa hakipiti.

Swali moja limebaki. Nikichukua Blade 16 kwa 19 nifunge nyuzi gani na pauni ngapi? Huku kila mtu ananiambia kaza kwa sababu ya mwinuko, ila kiwiko nacho ndo hicho.

FundiNyuzi254

Hapo ndo penyewe kaka, na ndo sehemu watu wengi wanaharibu. Ni kweli huku ukikaza mpira unatulia, watu wanaotoka pwani huwa naongeza pauni 2 au 3. Lakini kukaza poliesta kwa mtu wa kiwiko ni kuongeza moto. Kwahiyo njia ni kukaza uzi laini, sio kukaza uzi mgumu.

Chaguo la kwanza multifilamenti kitanda kizima, pauni 56 au 57. Hizi ni nyuzi za nyuzinyuzi nyingi ndogo zimesokotwa, zinameza mtikisiko, na ukizifunga kwa kukaza hivyo bado ni laini kuliko poliesta ya 50. Ubaya wake zinachakaa manyoya na zinasogea sogea, utakuwa unazirekebisha kwa vidole kati ya pointi. Kwa mtu wa slaisi na topspini ya wastani hazitakatika haraka. Huku hewa ni kavu zinadumu, kule kwenu Dar unyevu unazila.

La pili ni kuchanganya, poliesta laini wima kwa 50, multifilamenti za kulala kwa 54. Unapata udhibiti wa poliesta nusu na mkono unapona nusu. Hii nakupa kama kiwiko kikitulia, sio sasa.

Na poliesta yoyote ukirudi kwayo, usisubiri ikatike. Kuna kanuni ya zamani mafundi wote wanaijua, mara unazocheza kwa wiki ndo mara za kufunga nyuzi kwa mwaka, na hiyo ilikuwa ya nyuzi za kawaida, poliesta inakufa mapema zaidi. Na raketi isikae kwenye buti la gari juani, joto linalegeza nyuzi hata kama hujacheza.

Ila bado naomba ufanye hivi kwanza. Lete hiyo Pure Drive kwa fundi yeyote aliye karibu nawe, atoe hiyo poliesta, afunge multifilamenti 57, aweke overgripu moja. Kacheze wikiendi mbili na kopo la High Altitude. Alafu ndo uende kuijaribu Blade ya huyo jamaa, mwambie akuazime mechi nzima sio kugonga mipira kumi. Ukilinganisha raketi yenye nyuzi zilizokufa na yenye nyuzi nzima, iliyo na nyuzi nzima itashinda daima na hutajua kama ni fremu au ni nyuzi.

MamaVoli

Fundi kamaliza. Na kiwiko usisubiri raketi ikiponye, muone mtaalam wa viungo, alafu wiki hizi bakhendi piga slaisi tu, ile ya topspini iache. Slaisi mkono unakuwa umenyooka, hauumii sana.

KochaWaKorti3

Na kwa alama ulizosema, kuelekea ncha kidogo, 98 utaiweza. Kugonga kuelekea ncha mara nyingi ni sababu unachelewa, na huku mpira unakuja haraka na kudunda juu kuliko ulivyozoea. Anza kuzungusha bega mpira ukivuka neti, usisubiri udunde. Ukiichukua Blade na ukaona kwenye voli inayumba, fundi akubandikie utepe wa risasi gramu 2 kila upande, saa tatu na saa tisa za kichwa, usizidishe hapo mpaka kiwiko kitulie.

BakhendiMoja

Sawa wakuu. Kesho napeleka Pure Drive ikafungwe multifilamenti 57 na overgripu, na jamaa wa Blade amekubali kuniazima Jumamosi ya wiki ya tatu. ArushaLob mzani ninao nyumbani, nitaipima Blade mbele yake kabla ya kulipa.